Kasongo hajarudi ku nyumba

Jioni mu Buluo, simu ya vijana inaimba paka "Kasongo". Bazee banacheka: ile wimbo balicheza tangu miaka ya 70. Ni ya Orchestra Super Mazembe, banamuziki ya Kongo balipitia Zambia, bakafika Nairobi mu 1974. Mazembe ni mashini kubwa ya kusukuma udongo. Siye ba mine tunaijua.

Mwisho wa 2024, vijana ya Kenya balirudisha wimbo ku TikTok, bakamupachika prezida William Ruto jina ya Kasongo, kwa kumucheka. Njo maana vijana yetu banasema ni wimbo ya siasa. Bamama banakataa. Beye Lingala banaisikia: bibi anaomba bwana arudie batoto.

Miye niko na bamama. Ku sendika tunapokea babibi ya vile: bwana alienda kutafuta kazi Kolwezi, miezi sita simu haipite, mutoto wa sekondari anarudishwa juu ya minerval. Lakini tuulize na Kasongo mwenyewe. Moya hana konje. Mwingine mushahara haijatoka, anaona haya kurudi mikono mitupu.

Wimbo inaisha, kijana anafinya tena.