Shuka ya Kitui, pima ya bandarini

Kitui na Makueni hazina pwani, lakini maili ya baharini haikosekani huko. Rubani anayetoka Nairobi kwenda Mombasa akipita juu ya Makueni huhesabu masafa yake kwa maili hizo, na kasi ya upepo inayopimwa kituo cha hali ya hewa cha Makindu kwa ajili ya ndege huandikwa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Swali huja mtu anaposhika kitabu cha zamani kuhusu Ukambani, akakuta mikono, shuka, wari na maili zisizo na maelezo, akataka kuziweka kwenye ramani ya leo. Kuzidisha na kugawanya ni kazi ya dakika moja. Kazi yenyewe ni kujua kipimo kilikuwa cha nani.

Tuanze na nguo, maana hapo hesabu inapendeza. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe za ndovu, ikarudi bara na nguo, shanga na waya. Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa miongoni mwa vigogo wa biashara hiyo. Nguo ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, urefu ambao Waingereza waliuhesabu kuwa inchi 18. Mikono minne ilifanya shuka moja, na shuka mbili zikafanya doti. Mikono minne ya inchi 18 ni inchi 72, yaani futi 6. Na futi 6 ni pima, ile ile aliyoihesabu baharia alipoteremsha bildi kutafuta kina cha maji. Kwa hiyo shuka iliyofungwa kiunoni Kitui na pima ya mlango wa bandari ni urefu mmoja, mita 1.83. Doti ni pima 2, na jora la wari 30 ni pima 15: ukilining'iniza chomboni lingegusa chini penye kina cha mita 27 na kidogo.

Ila mkono haukuwa mmoja. Palikuwa na mkono kamili, huo niliouhesabu, na palikuwa na mkono konde, unaoishia kwenye vifundo vya vidole ngumi ikiwa imefumbwa. Wa pili ni mfupi kwa karibu moja ya tano. Nadhani hamhitaji kuambiwa ni upi uliopendwa na muuzaji. Basi mwandishi akisema mikono 1,000 bila kufafanua, jibu linaweza kuwa mita 457 au likapungua chini ya 370, na hakuna kikokotoo kitakachoamua kati ya hayo mawili. Kinachoamua ni kuangalia alichokuwa anapima, alikuwa wapi, na nani aliyeshika nguo.

Maili ya baharini haikutoka mwilini mwa mtu. Ilitokana na dunia: ni dakika moja ya latitudo, na nyuzi moja ina dakika 60. Chukua mji wa Kitui, ulio karibu nyuzi 1 dakika 22 kusini, na Wote, karibu nyuzi 1 dakika 47. Tofauti ni dakika 25, basi Wote iko maili 25 za baharini kusini zaidi. Pia iko dakika 23 hivi magharibi zaidi, na kwa kuwa ikweta iko jirani, dakika za longitudo huku zinakaribiana sana na za latitudo. Kanuni ya pembetatu mraba inatoa maili 34 za baharini kwa mstari ulionyooka, kama kilomita 63. Mwenye gari atasema ni zaidi, naye ana haki, barabara haziruki.

Kwa bahati mbaya dunia si duara kamili. Dakika ya latitudo karibu na ikweta ina mita 1,843 hivi. Kwenye ncha za dunia inafika 1,862. Ndiyo maana mkutano wa kimataifa wa Monaco mwaka 1929 ulikata shauri: mita 1,852, basi. Dakika halisi ya Kitui imepungukiwa mita 9. Waingereza, ambao ramani zao za bahari ndizo zilizotumika pwani yetu, waliendelea na maili yao ya futi 6,080 hadi mwaka 1970. Tofauti yake na ya Monaco ni mita moja na kitu, haimwangushi mtu.

Kinachoangusha ni maili ya nchi kavu. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kupita Kibwezi na Makindu ilipimwa kwa maili za futi 5,280, ambazo ni mita 1,609. Maili 100 za reli ni maili 87 tu za baharini. Na ramani ya Kijerumani ya enzi hizo inaweza kuwa inatumia maili yao ya kijiografia, ambayo peke yake ni dakika 4 za ikweta, kilomita 7.4. Kabla ya kubadilisha chochote, tafuta mstari wa kipimo kwenye kona ya ramani.

Masafa yaliyotajwa kwa siku za mwendo ningeyaacha yalivyo. Msafara wenye mizigo haukuwa na kasi moja, na kuandika kwamba siku sita za mwendo ni maili 71.4 za baharini ni kumpa marehemu usahihi ambao hakuwahi kuudai. Kwa mstari ulionyooka Kitui na Mombasa ziko maili 190 hivi za baharini. Njia ya miguu ilikuwa ndefu kuliko hapo, na ilirefuka au kufupika kwa kutegemea maji yalipatikana wapi mwaka huo.