Mwenye Bawa na Masika

Kila mwanafunzi wa hapa Rusizi amekwisha kumwona mwewe akizunguka juu ya kilima saa nne za asubuhi, mabawa yake yametulia tuli, naye anazidi kupanda. Hapigi bawa hata mara moja. Tulipokuwa wadogo tuliambiana kwamba ana dawa. Katika makala hii nataka kueleza jinsi mwewe afanyavyo, na jinsi watu nao walivyojifunza kufanya vivyo hivyo kwa bawa la kitambaa. Tena nataka kueleza kwa nini watu hao, miezi ya masika ifikapo, hukaa chini wakitazama juu kuliko wanavyoruka.

Habari nyingi nimezipata kwa kaka mmoja aliyesoma katika shule yetu kabla yetu, ambaye sasa afanya kazi Eldoret, nchi ya Kenya. Kazi yake ni kuandika hesabu za duka, lakini siku za Jumamosi huenda Iten kuruka. Alikuja nyumbani likizo ya Aprili, nasi tukamsumbua kwa maswali mpaka akachoka. Mengine nimeyasoma vitabuni.

Kwanza chombo chenyewe. Wengi hudhani ni mwavuli kama ule wa askari wanaorushwa kutoka ndegeni. Vimetoka ukoo mmoja, lakini kazi zao ni mbalimbali: mwavuli ni wa kushukia, bawa ni la kurukia. Limeshonwa kwa kitambaa chepesi, tabaka mbili, na katikati yake mna vyumba vingi vilivyo wazi upande wa mbele. Hewa ikiingia humo hulivimbisha bawa likapata umbo la bawa la ndege. Mtindo huo wa vyumba aliubuni Domina Jalbert huko Marekani mwaka 1964. Mwaka 1978 watu watatu waliozoea kuruka kwa miavuli, Jean-Claude Bétemps, André Bohn na Gérard Bosson, walitaka kufanya mazoezi pasipo gharama ya kukodi ndege. Wakapanda mlima huko Mieussy, wakatimua mbio kwenye mteremko, na kitambaa kikawabeba. Ndipo mchezo huu ulipoanza.

Bawa halina mtambo wowote wa kulisukuma. Katika hewa tulivu hushuka kadiri ya mita moja kila sekunde, huku likienda mbele kama kilomita 36 kwa saa. Sasa fanyeni hesabu. Iten iko juu ya ukingo wa Elgeyo, mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Chini yake ni bonde la Kerio, ambalo sakafu yake ni mita 1,200 hivi. Basi mtu akijitupa kutoka ukingoni ana mita 1,200 za kushuka, yaani sekunde 1,200, nazo ni dakika 20. Dakika 20 tu na mchezo umekwisha. Lakini kaka yetu hukaa angani saa mbili na tatu, na wako walioondoka Iten wakasafiri kilomita zaidi ya 100. Wanapata wapi nguvu?

Wanaipata kwa jua. Jua likipiga ardhi, ardhi hupata moto na kuitia moto hewa iliyolala juu yake. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda. Haipandi kila mahali sawasawa, bali huchagua: jabali jeusi, shamba lililolimwa, bati za soko, hizi hutoa hewa ya moto upesi kuliko msitu au maji. Hewa hupanda kama nguzo isiyoonekana. Mwenye bawa akiingia katika nguzo ipandayo mita tatu kwa sekunde, naye ashuka mita moja, faida yake ni mita mbili kila sekunde. Huzunguka humo humo asitoke, kama mwewe. Mwewe mwenyewe ndiye rafiki yake mkubwa, maana akimwona azunguka mahali, hujua nguzo iko pale.

Ukingo wa Elgeyo umeelekea mashariki. Kwa hiyo jua la asubuhi hulipiga jabali hilo uso kwa uso, na upepo utokao mashariki hulipanda. Ndiyo sababu wageni kutoka Ulaya huja Iten kati ya Desemba na Machi, kwao kukiwa na baridi, hapa ni kiangazi. Wakati huo Iten ina watu wa aina mbili: wakimbiaji barabarani na wenye mabawa juu yao.

Kisha huja masika.

Huko Ulaya kipindi cha namna hii ni majira ya kuchipua, baada ya theluji. Jua limekwisha kuwa kali lakini hewa ya juu ingali na ubaridi, basi hewa ya chini hupanda kwa nguvu, ikitikisa bawa kama lori katika barabara ya makorongo. Na siku moja yaweza kuwa na jua, mvua ya mawe na jua tena. Sisi hatuna theluji ya kuyeyuka. Kigeugeu chetu kina asili nyingine. Mwezi wa Machi jua hupita juu ya mstari wa Ikweta, na mkanda wa mvua huja nyuma yake. Huo ndio wakati tunaouita itumba, kuanzia Machi hata Mei. Hewa imejaa mvuke, na hapo ndipo penye hatari, nami naomba mnisikilize vizuri.

Hewa kavu ikipanda hupoa kadiri ya digrii moja kwa kila mita 100. Ikiisha kupoa ya kutosha hulingana na hewa inayoizunguka, nayo husimama. Mwenye bawa hufika pale akasimama pia. Lakini hewa yenye mvuke mwingi ikipoa, mvuke hugeuka matone. Na matone yanapofanyika hutoa lile joto lililotumika zamani kugeuza maji kuwa mvuke. Maana yake wingu lajitia moto lenyewe ndani. Badala ya kusimama, hewa hupanda zaidi, na kuvuta nyingine kutoka chini. Wingu dogo la pamba la saa nne laweza kuwa mnara wa radi saa nane. Mtu aliye chini yake hana haja ya kutafuta nguzo tena. Nguzo ndiyo inayomtafuta yeye.

Mfano ujulikanao kuliko yote ni wa Ewa Wiśnierska, mwanamke wa Ujerumani. Mwezi wa Februari 2007, akiwa mazoezini huko Manilla, Australia, alivutwa na wingu la radi mpaka mita zaidi ya 9,900, juu kuliko kilele cha Everest. Alizimia kwa zaidi ya nusu saa, barafu imemfunika, na bawa likaendelea kuruka peke yake. Alipozindukana alitua salama. Mchina mmoja, He Zhongpin, aliyenaswa na tufani hiyo hiyo, alikufa.

Kaka yetu naye aliwahi kuonja kidogo. Ilikuwa mwishoni mwa Machi, juu ya Kerio. Alikuwa ametazama mbele, kuelekea vilima vya Tugen, ambako kulikuwa kweupe, asitazame juu ya kichwa chake. Alipoona chombo chake cha kupimia kinalia bila kukoma, alivuta kamba za pembeni ili kukunja ncha mbili za bawa, jambo ambalo wao huliita kukunja masikio, maana bawa likiwa dogo hushuka upesi. Hata hivyo aliendelea kupanda. Ikambidi azungushe bawa kwa kasi, kama jiwe katika kombeo, mpaka akashuka. Alisema mikono ilimtetemeka hata jioni, asiweze kushika kikombe. Nilimwuliza kwa nini basi hakuacha mchezo huu. Akacheka, akasema nimwulize mvuvi wa Nkombo swali hilo hilo.

Hatari ya pili haihitaji mtu awe karibu na wingu. Sisi tunaijua sana. Kabla ya mvua kubwa kufika, upepo wa baridi hutangulia. Huinua vumbi na kugonga milango, na mama hukimbilia nguo kambani. Upepo ule ni hewa iliyopozwa na mvua, ikaanguka kwa uzito wake, ikatambaa pande zote juu ya ardhi. Hutangulia mvua yenyewe kwa kilomita nyingi. Bawa lendalo kilomita 36 kwa saa likikutana na upepo wa kilomita 50, litarudi nyuma kilomita 14 kila saa ingawa mwenyewe ameelekea mbele. Nyuma pana miti, pana nyaya za umeme. Ndiyo maana mwenye bawa akiona mvua ng'ambo ya bonde hashangilii kwamba iko mbali, bali hutafuta mahali pa kutua mara moja.

Hapa kwetu, kaka alisema, angekuwa mwangalifu mara tatu, hata kama uwanja wa ndege wa Kamembe usingekuwa karibu, nao watosha kumzuia mtu kuruka bila ruhusa ya serikali. Tazameni tulivyokaa. Mashariki ni Nyungwe, msitu mzito wenye unyevu. Kaskazini ni ziwa Kivu, mita 1,460 hivi. Kusini ardhi yateremka hadi Bugarama, chini ya mita 1,000, penye mashamba ya mpunga na joto jingi. Usiku hewa ya baridi hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Mchana hugeuka, ikatoka ziwani kupanda milimani. Radi za mchana hupenda milima, za usiku hupenda ziwa. Na ng'ambo, mashariki ya Kongo, katika hesabu iliyotolewa mwaka 2016 eneo lililopewa jina la Kabare lilikuwa la kwanza Afrika na la pili duniani kwa wingi wa umeme wa radi: zaidi ya mimweso 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Sisi ni jirani zao.

Nilitazama maisha yake ya kila siku likizoni. Aliamka kabla ya kengele ya misa, akatoka nje na kutazama ukungu wa ziwani. Ukiondoka mapema, alisema, jua litapata kazi nyingi. Saa tatu alitafuta wingu la kwanza na kuandika saa yake katika daftari. Kisha aliangalia kama mawingu ni mapana kuliko marefu, au marefu kuliko mapana. Siku moja alituambia mvua itafika saa nane. Ilifika saa saba na nusu. Siku ya pili alisema itafika, lakini haikunyesha hata tone, tukamcheka. Hakujali. Aliandika kosa lake daftarini pamoja na sababu aliyodhani.

Siku ya tatu tulikuwa tukicheza mpira. Jua lilikuwa linawaka uwanjani, tena tulikuwa tukiongoza bao moja, ndipo umeme ulipomweka upande wa Bukavu. Kaka alianza kuhesabu kwa sauti. Alipofika ishirini na saba ngurumo ikasikika. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, basi kila sekunde tatu ni kilomita moja. Radi ilikuwa umbali wa kilomita tisa. Aliingia uwanjani akauchukua mpira mikononi.

"Wadogo zangu, twendeni ndani."

"Lakini kaka, mvua iko Kongo!"

"Radi haiombi pasi mpakani."

Tulinung'unika sana, na refa alikasirika. Baadhi yetu tulikumbuka tarehe 10 Machi 2018, radi ilipoua watu wasiopungua 16 kanisani katika wilaya ya Nyaruguru, upande wa pili wa Nyungwe. Hao walikuwa ndani ya nyumba, sembuse sisi uwandani. Tulikaa darasani mpaka ilipopita nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, ndivyo alivyotaka. Mchezo haukumalizika, na mpaka leo wenzetu wa darasa la pili husema matokeo hayahesabiwi.

Alirudi Eldoret kwa basi. Wiki iliyofuata tulipata habari zake: Jumamosi alipanda ukingoni Iten na bawa mgongoni, akakaa saa tatu juu ya jiwe. Saa tano mawingu yalikuwa yamekwisha kuota vichwa juu ya Tugen. Akanywa chai, akarudi nyumbani kwa matatu.