Kumchagua Mnyemelezi

Tangu mchezo wa masimulizi na dadu uanze kuchezwa shuleni kwetu hapa Kigali, wanafunzi wengi wameniuliza swali moja: "Nataka kuwa mwizi. Nifanyeje?" Nimeona ni vema nijibu katika ukurasa huu wa Kiswahili, maana kila nijibupo kwa mdomo kengele hulia kabla sijamaliza.

Kwa wasioujua mchezo, habari yake ni hii. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni msimulizi, naye hueleza mahali palivyo na hatari iliyopo. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake wa kubuni, na husema mhusika huyo afanya nini. Pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana, dadu huamua. Mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mwanzoni wahusika walikuwa wa aina tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975, na mwaka 2000 jina lake la Kiingereza likabadilishwa, likawa neno la kumtaja mtu mjanja asiyefuata taratibu. Sisi twamwita mnyemelezi. Kanuni tunazozifuata ni za mwaka 2014. Mwaka 2024 zilitolewa mpya, lakini sehemu kubwa ya zile za kwanza imeruhusiwa tangu Januari 2023 kunakiliwa bure na mtu yeyote, jambo lisilo dogo kwa mwanafunzi.

Basi, wengi humpenda mnyemelezi kwa ajili ya pigo lake la ghafla. Akimshambulia adui ambaye hajamwona, au adui aliyesongwa na mwenzake kwa karibu, huongeza dadu moja ya nyuso sita juu ya pigo la kawaida. Afikapo daraja la 3 huongeza mbili, na katika daraja la 19 huongeza dadu 10. Yapendeza sana. Lakini sharti atumie silaha nyepesi kama kisu, au silaha ya mbali kama upinde, na pigo hilo ni mara moja tu katika zamu. Tena mwili wake si wa kusimama mbele. Huanza na uhai wa 8, na kidogo zaidi kama afya yake ni njema, hali mpiganaji huanza na 10 na deraya ya chuma juu yake. Mtu atakaye kupigana tu, heri achukue mpiganaji.

Kazi hasa ya mnyemelezi ni kutangulia, kuona, na kurudi kusema. Hesabu yaonyesha. Tuseme msimulizi ametaka 15 ili kupita karibu na mlinzi bila kusikika. Mnyemelezi mwenye wepesi wa kuongeza 3, akiwa amechagua kunyata kuwa ustadi wake mkuu, huongeza 7 juu ya dadu ya nyuso 20. Akipata 8 au zaidi amepita. Hizo ni nafasi 13 katika 20. Rafiki yake mwenye deraya nzito hana cha kuongeza, naye hulazimishwa kutupa mara mbili na kuchukua nambari iliyo ndogo. Nafasi yake ya kupita ni 9 katika 100. Hapo ndipo utaona kwa nini wengine hungoja gizani huku mmoja akienda.

Ustadi mkuu wa mwanzo ni wa mambo mawili, na hapa sikubaliani na wenzangu wengi. Wao huchagua kunyata na kufungua kufuli. Mimi husema kunyata na kutazama, kwani mtu ajifichaye vizuri asione kitu hurudi mikono mitupu. Kufuli yaweza kuvunjwa na mpiganaji, ingawa kwa kelele. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Bakame, kama wenzetu wa pwani walivyolelewa kwa Sungura na Abunuwasi, twavutwa pia na ulaghai; nao ni mzuri, ila Bakame hushinda kwa ulimi zaidi kuliko kwa kujificha, na huyo ni mhusika wa namna nyingine kidogo.

Katika jamii za kubuni, twapenda Hafulingi, watu wafupi wa futi 3 hivi. Wale waitwao wa miguu myepesi waweza kujificha hata nyuma ya rafiki aliyewazidi umbo, na dadu ikianguka 1 huitupa tena. Katika daraja la 2 mnyemelezi hupata uwezo wa kupiga na kujificha katika zamu ile ile, na katika la 3 huchagua njia yake. Njia ya mwizi humfanya apande ukuta bila kupunguziwa mwendo, sifa ambayo sisi wa mji wa vilima huielewa upesi.

Usidhani kusema "najificha" kwatosha. Msimulizi wetu huuliza: "Wapi?" Nasi tuchezao kwa Kiswahili, na nyumbani twasema Kinyarwanda, hapo ndipo jasho hututoka. Nyuma ya pipa? Chini ya mkokoteni? Kando ya ua wa matete, au ndani yake? Mtu aliyesema "juu ya" akitaka "chini ya" ameonekana na walinzi wote.

Sasa nije kwenye jambo lililotugharimu. Mwenzetu mmoja, sitamtaja, alichukua mnyemelezi akasema, "Mwizi kazi yake si kuiba?" Kundi lilipolala kambini, akatupa dadu, akachukua vito katika mkoba wa kasisi. Kanuni hazikumzuia. Lakini aliyemcheza kasisi alikuwa mwanafunzi mgeni, naye alikuwa amevitafuta vito vile kwa mikutano miwili ili anunue dawa za kundi zima. Alifunga daftari lake akaondoka. Katika mkutano uliofuata mpiganaji alikataa kusinzia, mchawi akaficha karatasi zake, na mnyemelezi alipotumwa kuchungulia pango, hakuna aliyesadiki habari alizoleta. Tuliingia kwa njia nyingine, wawili wakafa. Majuma matatu hatukucheza.

Tuliporudi tuliweka sharti letu wenyewe: hakuna kutupa dadu dhidi ya mwenzio mpaka mwenye mhusika huyo akubali kwanza. Atakaye kuiba, milki za maadui ni nyingi. Kwa hiyo nikiulizwa na mtu atakaye kuwa mnyemelezi, sianzi na wepesi wala silaha. Namwuliza atamwibia nani, na akishaona hatari ataikimbilia habari wapi.

Dadu ya nyuso 20 isipopatikana, chukua vizibo 20 vya chupa, andika nambari 1 hadi 20 upande wa ndani, uvitie mfukoni, uchanganye na kutoa kimoja. Kisha ukirudishe kabla ya mwingine kutoa. Twacheza Jumamosi alasiri. Kasisi amerudi na daftari lake, na nafasi ya mnyemelezi bado i wazi.