Hewa kidogo inavyohatarisha tanuri la titaniamu

KWA zaidi ya miaka 10 tangu Februari 2014, waliokwenda kupunga upepo Mama Ngina, kisiwani Mombasa, waliziona meli zikitoka mlango wa Kilindini zikiwa zimesheheni mchanga mzito kutoka Kwale.

Mchanga huo, uliochimbwa na kampuni ya Base Titanium hadi mwishoni mwa 2024 na kupakiwa melini Likoni, ulikuwa na madini ya ilmenaiti na rutili. Sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka nyumba. Ni sehemu ndogo tu inayogeuzwa titaniamu yenyewe, metali nyepesi ya kuundia ndege na kuungia mifupa.

Kazi hiyo hufanyika ng'ambo, na ni ya hatari.

Titaniamu huyeyuka kwenye joto la sentigredi 1,668. Ikipata moto hufyonza oksijeni na naitrojeni, kisha ikipoa huvunjika kama kigae. Kwa hivyo huyeyushwa katika tanuri lililofyonzwa hewa. Humo huning'inizwa gogo la titaniamu iliyoshindiliwa, likapitishwa umeme wa maelfu ya ampea, nalo likadondoka tone kwa tone katika kalibu ya shaba nyekundu inayopozwa kwa maji.

Kinachoyeyusha ni tao la umeme, lile lile linalomulika katika karakana za kuchomelea mageti kuanzia Mji wa Kale hadi Majengo. Tabia yake, hata hivyo, si moja.

Katika karakana, umeme hupita ndani ya hewa iliyopata moto, nayo hewa ya pembeni hulibana tao likawa uzi mwembamba. Shinikizo la hewa ya Mombasa, mji ulio usawa wa bahari, ni takriban paskali 100,000. Ndani ya tanuri husalia paskali 1 hivi, au pungufu.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Katika hewa ya kawaida, molekuli haisafiri hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugonga nyingine. Kwenye paskali 1, husafiri karibu milimita 7, umbali unaokaribia nafasi iliyopo baina ya gogo na metali iliyoyeyuka. Tao halina hewa ya kutegemea, hivyo hujilisha mvuke wa titaniamu yenyewe. Vidoa vya moto hukimbia huku na huko chini ya gogo, na joto likaenea sawasawa.

Tatizo huanza gesi inapoongezeka. Titaniamu ghafi hubaki na haidrojeni na chumvi za klorini, ambazo hufumuka ghafla inapopata moto. Bomba likivuja, mambo huwa yale yale.

Mtu angedhani kuwa hewa nusu ni hatari nusu. Sivyo. Shinikizo likifika makumi ya paskali, tao huweza kujikusanya na kung'ang'ania mahali pamoja. Au hugeuka mng'ao hafifu unaopanda ubavuni mwa gogo, umeme ukakimbilia ukuta wa kalibu. Mita huonyesha kuwa umeme ungali unapita, kumbe metali inapoa.

Tao likikaa ukutani, shaba hutoboka. Maji yakikutana na titaniamu iliyoyeyuka huwa mvuke papo hapo, na haidrojeni hutengana nayo. Milipuko ya namna hiyo iliua wafanyakazi nchini Marekani katika miaka ya 1950, na tangu hapo matanuri hayo hujengwa nyuma ya kuta nene, mwendeshaji akiwa mbali.

Viwanda huweka pampu kubwa za kuondoa gesi upesi kuliko inavyozuka, na koili ya sumaku kuizunguka kalibu ili tao lisitangetange. Shinikizo likiruka ghafla, umeme hukatwa kwanza. Chanzo hutafutwa baadaye.