"Kizima kabisa" ilivyonitia hasara

Ndugu muuzaji, hili somo nimelilipia.

Nipo Kibiti, nauza vyombo vya muziki vya mtumba WhatsApp. Niliposti kinanda cha zamani cha umeme: "Kizima kabisa." Kumbe nilijaribu vitufe vitatu tu! Mteja, mpigaji wa taarabu, alitoka deltani kwa boti mpaka Nyamisati, akapanda bodaboda kukifuata. Siku ya harusi vitufe viwili vikagoma. Nikarudisha hela yote.

Fundi akakifungua. Chini ya vitufe kuna ukanda wa raba wenye vidoti vya kaboni. Ukibonyeza, kaboni inagusa saketi, sauti inatoka. Kukiingia uchafu, kitufe kinakuwa bubu. Tukafuta taratibu kwa pamba na spiriti (ukisugua sana kaboni inatoka), tukaacha kikauke. Kitufe kingine kilikuwa kimevunjika. Tukachomoa cha kinanda kibovu cha modeli ileile. Do kwa do, re kwa re, maana maumbo hayafanani.

Safari hii niliposti video nikibonyeza kitufe kimoja kimoja, nikaandika kilichotengenezwa. Kikauzika, hakijarudi.

Kabla hujaposti:
✅ Jaribu kila kitufe
✅ Onyesha kasoro
✅ Taja matengenezo

Mteja anavumilia kasoro aliyoambiwa, siyo aliyofichwa.

Wewe ulishawahi kurudishiwa mzigo? Tuambie hapo chini 👇