Mbung'o na Nzi: Jina na Alama

Katika Kiswahili, jina «nzi» huwakusanya wadudu wengi wenye mabawa mawili. Hata hivyo, yafaa mbung'o atengwe nao, kwani baadhi ya aina zake hueneza malale, ugonjwa ambao nchini Kongo umeua watu wengi wasiotibiwa. Alama za kumtambua ni tatu. Kwanza, akitua hulaza bawa moja juu ya jingine, mithili ya mkasi uliofungwa. Nzi wa nyumbani huyaacha yametengana. Pili, mrija wake wa kunyonyea damu huelekea mbele ya kichwa. Tatu, katikati ya bawa, mishipa huzunguka sehemu yenye umbo la shoka. Dume na jike wote hunyonya damu. Basi, amwitaye mbung'o «nzi» tu huificha hatari ambayo jina halisi huitangaza.