MOTO WA MWILI HAUUZWI SOKONI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Katika masoko yetu watu wanauza vidonge na dawa za majani, wakisema vinaongeza moto wa mwili na kuondoa kitambi. Mbele ya kutoa feza yako, ujue kwanza moto huo ni kitu gani.

TANURU LISILOZIMIKA

Kila mtu wa Katanga anajua tanuru. Lile la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka wa 1911. Tanuru, hata wakati halimwagi shaba, linaomba makaa ili lisipoe. Mwili wako ni vile vile. Ukilala, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo unafanya kazi. Mwanaume wa kilo 70 anatumia karibu kalori 1700 kwa siku bila kuinua hata kijiko. Kazi na mwendo vinaongezwa juu ya hesabu hiyo.

Wazee waliochimba kwa nguvu ya mikono walikula bukari nyingi na kuimaliza yote kwa jasho. Leo wengi wetu tunaendesha lori ao mashini tukiwa tumekaa. Sahani imebaki ile ile, lakini jasho limepungua. Kinachozidi, mwili unakiweka tumboni. Kitambi hicho ndicho kinafungulia mlango tansio na ugonjwa wa sukari.

SAHANI YAKO

Punguza bukari kidogo, ongeza maharagi, ndakala, samaki na mboga. Vyakula vya kujenga mwili vinaomba nguvu nyingi ili mwili uvitumie: katika kalori 100 za namna hiyo, 20 mpaka 30 zinaishia katika kazi ya kuvigeuza. Kwa mafuta, hazipiti 3. Tena vinalinda misuli, na misuli inatumia kalori nyingi kuliko mafuta ya mwili.

Mama, mafuta ya mawese ni mazuri, lakini kijiko kikubwa kimoja kina kalori karibu 120. Pima kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka chupa. Sombe itabaki tamu.

Na wewe baba, chupa kubwa ya bia ina kalori karibu 300. Mwili unachoma pombe kwanza, na mafuta ya chakula yanangoja. Chupa tatu ni karibu nusu ya yale mwili wako unatumia siku nzima ukipumzika!

POSTI YA USIKU

Kula chakula kikubwa mbele ya kwenda kazini, si kati ya usiku. Usiku mwili hautumii sukari ya chakula vizuri kama mchana. Beba kitu chepesi: yai, karanga kidogo, ndizi. Mahali penye joto kali, kunywa kikombe kimoja cha maji kila dakika 15 ao 20, usingoje kiu.

Ukirudi asubuhi, lala. Mtu asiyelala vizuri anasikia njaa kupita kiasi kesho yake, na mkono wake unachelewa kwenye breki. Hapo si kitambi tu kinacholetwa na usingizi mdogo, ni kifo. Mama, funga dirisha, weka giza, tuma watoto wachezee mbali. Saa hizo za kimya zinalinda baba yao na wenzake wote wa posti.

TEMBEA

Siku ya mapumziko usishinde kwenye kiti. Tembea dakika 30 kwa haraka, lima bustani, beba maji pamoja na bibi yako. Mwendo wa kila siku ndio unaoongeza moto, na hauombi hata franka moja.

ANGALIA SANA

Kama unakula vizuri lakini unakonda, usifurahi kwamba moto umepanda. Kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara vinaweza kuwa ugonjwa wa sukari. Kikohozi kinachopita wiki mbili, pamoja na jasho la usiku, kinaweza kuwa kifua kikuu. Na mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi yuko katika hatari zaidi. Enda kwa munganga wiki hii, usingoje.

KUMBUKA: bukari kwa kipimo, maharagi na samaki, maji, usingizi, mwendo. Dawa ya sokoni iache sokoni.